Vyungu vya Miche vya Plastiki Inayooza na Nyuzi za Mkonge: Msimu Mmoja Kitaluni

Mwezi Agosti nilinunua vyungu 200 vya kuoteshea miche katika duka moja la pembejeo mjini Mtwara, kwa shilingi 500 kimoja, bei ambayo mwenye kitalu aliyezoea viriba vya nailoni hawezi kuilipa bila kuguna. Vimetengenezwa kwa polilaktiki, yaani plastiki inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, ikachanganywa na nyuzi za mkonge zilizokatwa fupifupi. Nilivitumia kwa miche ya mikorosho, kitaluni kwangu karibu na Naliendele, sambamba na viriba vya kawaida. Niseme mapema kwamba sikulazimishwa na sheria, kwa kuwa katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 liliacha nje vifungashio vya kilimo. Nilivutiwa tu na ahadi iliyoandikwa kwenye katoni.

Kwa uimara sina lawama. Kiriba kilichojaa udongo hubonyea kila kinaposhikwa, na mche uliobebeshwa juzi, yaani uliopachikwa kikonyo (kitawi cha mti mwingine), hutikisika nacho mpaka kikonyo hicho kinalegea, lakini chungu hiki husimama wima na hubebwa kwa mkono mmoja. Polilaktiki ikiwa peke yake ni ngumu lakini hukatika ghafla kama biskuti. Uzi wa mkonge, ambao takribani theluthi mbili yake ni selulosi (kijenzi kikuu cha kuta za seli za mimea), hupokea sehemu ya mzigo, hivyo hata ukuta mwembamba hupata ukakamavu. Vyungu vitatu vilivyoanguka kutoka kwenye chanja vilipata nyufa bila kumeguka vipande. Ndoa ya vitu hivi viwili ina mantiki hata kiwandani, kwa sababu polilaktiki huyeyuka kati ya nyuzijoto 150 na 180 za Selsiasi, chini ya joto linaloanza kuunguza mkonge. Nasi watu wa kusini, tunaoyafahamu mashamba ya mkonge ya Kikwetu kule Lindi, hatuhitaji kuelezwa nguvu ya uzi huo.

Tatizo ni maji. Selulosi huyapenda na polilaktiki huyakataa, ndiyo maana nyuzi zinapaswa kuoshwa kwanza kwa magadi makali yanayoondoa nta na kuukwaruza uso wake ili plastiki ipate pa kushika. Katika vyungu vyangu, kama 30 hivi vilikuwa na mabaka meupe ambapo nyuzi zilirundikana, na hapo ndipo ukingo ulipovimba na kuota kuvu baada ya wiki chache za kumwagilia. Joto nalo si la kupuuzwa: vyungu vilivyoachwa mchana kutwa ndani ya gari lililofungwa vilipinda, kwani plastiki hii huanza kulainika karibu na nyuzijoto 60, na nyuzi hupunguza tu kupinda huko, haziondoi.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni maneno ya kwenye katoni: “Huoza chenyewe, panda pamoja na chungu.” Mvua za Desemba zilipoanza nilipanda miche 20 pamoja na vyungu vyake, na mingine 20 nikaitoa kwanza. Mwezi Aprili nilifukua mitano ya kundi la kwanza. Nyuzi zilikuwa zimeoza na kuacha vitundu vidogo ukutani, ambamo mizizi myembamba ilikuwa imepenya, lakini plastiki yenyewe ilikuwa karibu nzima, na mzizi mkuu ulikuwa umejizungusha chini kama kamba iliyowekwa kwenye ndoo. Anayeujua mkorosho anaelewa hasara hiyo, kwa maana mti huu huvumilia kiangazi chetu kirefu kwa kuzamisha mzizi huo. Polilaktiki huoza upesi kwenye rundo kubwa la mboji lenye unyevunyevu na joto la karibu nyuzijoto 58, hali ambayo mchanga wa shambani hauifikii mahali mizizi ilipo. Kutia mkonge hakuibadilishi plastiki iliyouzunguka. Muuzaji, nilipompelekea kimojawapo, alinishauri nimwagilie zaidi, ushauri ambao mwenye shamba la ekari kadhaa lisilo na kisima anaweza kuucheka tu.

Anayevitaka avitumie kitaluni, kisha avitoe wakati wa kupanda, au akikate kitako chote kwa msumeno mdogo kabla ya kufukia. Vilivyotolewa vizima nimeviosha na kuvijaza tena, navyo vinaendelea na kazi, jambo ambalo kiriba hakiliwezi kwa kuwa hupasuliwa. Mtengenezaji akitumia plastiki ya wanga wenyewe, usiogeuzwa kuwa polilaktiki, ambayo huoza udongoni haraka zaidi, na kuzitawanya nyuzi vizuri, nitarudia jaribio la Desemba. Kwa msimu ujao nimeagiza 50 tu, kwa miche ya kubebesha. Iliyobaki itaendelea kwenye viriba.