Shokapu za mbele za pikipiki ya zamani: sili tu au na paipu zake?

Nina Honda CG125 ya marehemu baba, na kwa vumbi la huku Dodoma shokapu za mbele ndo zinateseka kwanza, oili inavuja mpaka inatiririka kuelekea kwenye breki, hapo ni hatari kabisa jamani.

Kubadili sili tu, yaani ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke, ni bei ndogo, nusu siku umemaliza. Unafungua, unamwaga oili chafu, unaosha kila kitu, unapaka oili mdomo wa sili kabla hujaivalisha, unajaza oili mpya ya shokapu na ujazo wa pande zote mbili lazima ulingane, upime usikadirie kwa macho. Ila hii inafaa kama paipu, yaani lile bomba la chuma linaloteleza ndani ya sili, bado ni laini. Pitisha kucha pale sili inapopanda na kushuka, ikikwama kwenye kishimo cha kutu basi hata sili mpya itachanika muda si mrefu, mimi nimebadili mara mbili ndani ya kiangazi kimoja na bado ikavuja, inauma sana.

Paipu mpya au kupiga kromu upya ni ghali, na spea za zamani kuzipata ni kazi. Ukiletewa zilizotumika zibiringishe juu ya kioo kwanza, iliyopinda utaiona inavyoyumba. Kwa pikipiki unayoipenda mi naenda na paipu, labda kutu iwe juu kabisa ambako sili haifiki, hapo sili zinatosha na uvalishe mipira ya kuzuia vumbi.