Tulivyowashtukiza wazazi wetu kwa treni ya umeme: uzoefu wangu wa SGR na ukoo mzima

Kama unafikiria kukusanya ukoo kuwafurahisha wazazi, na watu wako wametawanyika Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ndiyo nitakayokushauri kabla ya usafiri mwingine wowote. Sisi tuliitumia Julai 2025. Baba alikuwa anatimiza miaka 75 na Mama 70, wote wamezaliwa mwezi mmoja. Hakuna aliyewahi kuwakatia keki. Siku ya kuzaliwa ya Mama tunaijua kwa sababu ipo kwenye cheti chake cha ubatizo, na ya Baba kwa sababu iliandikwa kwenye karatasi zake za kazi.

Wazazi wanaishi Morogoro, alikostaafia Baba baada ya maisha yake yote ya kazi kwenye reli ya zamani. Ndugu zake ni Wagogo wa Mpwapwa na Dodoma mjini. Ndugu wa Mama ni Waluguru wa Mgeta, wao wanashuka tu mlimani. Sisi watoto na wajukuu wengi tuko Dar. Ukitegemea mabasi, kundi moja litakwama kwenye foleni ya Kibaha, jingine litachelewa huko njiani, na watu wataingia mafungu mafungu kuanzia asubuhi mpaka usiku. Siri ya watu zaidi ya sitini haiwezi kukaa mlangoni mwa mzee kutwa nzima. Treni inatumia chini ya saa mbili kutoka Dar hadi Morogoro, na muda wa kufika unaujua tangu siku ya kununua tiketi. Hapo ndipo mpango wetu ulipopata miguu.

Nauli haikutuumiza. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipopanga bei mwaka 2024, treni ilipoanza kubeba abiria, daraja la kawaida Dar hadi Morogoro liliwekwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima na Dar hadi Dodoma 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, aliye chini ya hapo anapanda bure. Kwa familia yenye wajukuu wengi kama yetu, kipengele hicho cha watoto kilibadilisha bajeti yote, na pesa iliyobaki ikaenda kwenye chakula.

Kazi ngumu ilikuwa majina. Kila abiria lazima aandikishwe kwa jina na namba ya kitambulisho, na anakaguliwa nacho getini. Jaribu kuwaomba mashangazi wanne wa Dodoma namba zao za NIDA kwa simu bila kueleza sana, ilhali mmoja wao humpigia Baba kila Jumapili baada ya ibada! Tukamwachia kazi hiyo binamu yetu wa kule, akawapitia nyumba kwa nyumba na kuwapiga picha vitambulisho. Michango tuliipitisha M-Koba, ule utaratibu wa vikundi kwenye M-Pesa, kwa sababu pesa ikiingia au kutoka wanakikundi wanapata ujumbe. Hakukuwa na maneno ya pesa hata mara moja, na anayejua kamati za sherehe za kwetu anaelewa uzito wa hilo.

Kabla hata ya tiketi, tulikwenda kwa Mjomba. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo hata baba haingilii. Huwezi kumfanyia dada yake sherehe ya ukoo halafu yeye aje kama mgeni mwalikwa. Alitusikiliza, akakubali, kisha akatupa sharti moja: msiwadanganye kwa ugonjwa wala msiba. Ninaomba kila anayesoma hapa alichukue sharti hilo. Nimeona watu wakimwita mzazi kwa kumwambia mtoto kalazwa, eti ili afike haraka, halafu wanamfungulia mlango wa ukumbi kwa makelele. Baba yangu ana presha. Moyo wa mtu wa miaka 75 hauchezewi, hata kwa furaha.

Kwa hiyo tulimwambia jambo la kweli, ila nusu: dada yake anakuja kwa treni kutoka Dodoma, naomba wewe na Mama mkampokee. Alifurahi, akavaa koti lake la suti. Stesheni ya SGR ya Morogoro iko Kihonda, mbali kidogo na stendi ya mabasi ya Msamvu, kwa hiyo kaka yangu anayeishi huko aliwapeleka kwa gari lake. Shangazi akatoka peke yake, na mfuko wake wa zabibu. Wakakumbatiana. Baada ya muda wakatoka mashangazi wengine watatu waliokuwa wamekaa ndani wakisubiri zamu yao, wakija taratibu, mmoja mmoja. Baba akaanza kucheka bila kuelewa. Treni yetu ya Dar ilipoingia tukashuka na watoto, tukatoka kwa mkondo kama abiria wengine wote, na wajukuu wakaanza: shikamoo Babu, shikamoo Bibi, shikamoo Babu. Baba akaitika marahaba, marahaba, marahaba, mpaka akasahau kuitika akawa anashika vichwa tu. Mama alikuwa wa kwanza kuelewa. Aligeuka akamtazama kaka yangu, akasema, "Ninyi watoto ninyi," kisha akakaa kwenye benchi akalia.

Hili ndilo jambo ninalolisifu kuliko yote katika usafiri huu. Kwa mzazi mzee mshangao unatakiwa uje kidogo kidogo, na mlango wa stesheni unafanya hivyo wenyewe. Hakuna taa za kuwashwa ghafla wala watu wanaoruka kutoka nyuma ya makochi. Watu wake wanatoka kwa zamu, anamtambua mmoja, anapumua, anamwona mwingine. Mama baadaye alisema alipata muda wa kumwangalia kila mtu usoni.

Nisifiche lililotuudhi. Kosta tulizokodi kutupeleka nyumbani, baada ya kuona watu wengi na mizigo, dereva mmoja alidai nyongeza palepale, na mwenye gari hakupokea simu. Shemeji alimalizana naye kimyakimya wazee wasisikie. Ukikodi gari Morogoro, andikianeni bei na idadi ya watu, na mlipe sehemu tu kabla.

Sherehe yenyewe ilikuwa uani, chini ya turubai. Pilau ya mchele wa Ifakara, kuku, ndizi, mboga za Mgeta, keki mbili. Mjomba ndiye aliyefungua kwa sala, na mashangazi wa Kigogo wakaimba na kucheza mpaka majirani wakaja kukaa nasi. Binti yangu mdogo alimlisha Babu keki akimwita "mume wangu", Bibi akamtania kwamba mahari bado haijaisha. Sina la kuongeza, anayetoka kwenye familia kubwa anaijua siku ya aina hiyo.

Zawadi ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu. Watoto tuliwanunulia wazazi tiketi za mchongoko, ile treni yenye pua iliyochongoka, kutoka Morogoro kwenda Dodoma, nami nikawasindikiza. Baba aliingia reli ya zamani kijana, bado ikiwa ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Alikuwa fundi wa njia. Reli hiyo Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na kipande kilichowatesa mafundi miaka yote ni Kilosa hadi Gulwe, inapopita kando ya mto Mkondoa. Mvua ikizidi, mto unakula tuta. Mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010 mafuriko yalivunja njia vibaya kule, na Baba alistaafu mwaka huohuo akiwa na matope ya Kidete, stesheni ya kipande hichohicho, kwenye viatu vyake.

Sasa alikaa dirishani. Tulipopita Kilosa treni ikaanza kuingia kwenye mahandaki, inatoka kwenye mwanga, inaingia tena, nje mto uko chini na sisi tuko juu. Akanishika mkono. Akaanza kunionyesha: pale palikuwa na kambi ya genge letu la mafundi, pale tulilala siku nyingi tukisubiri kokoto, pale rafiki yake alisombwa akaokolewa na wanakijiji. Aliniuliza upana wa reli, nikamwambia milimita 1,435, akasema yetu ilikuwa 1,000, akanyamaza kwa muda akipiga hesabu ya mataruma, yale yanayolalia reli. Skrini ndani ya behewa iliandika kilomita 160 kwa saa, akamwamsha Mama aione. Nimekaa na baba yangu miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yake niliijua ndani ya behewa lile.

Kwa wazee niongeze haya. Behewa ni safi, choo kiko karibu, na kiyoyozi ni kikali, beba kitenge au sweta. Fika stesheni mapema sana, kwa kuwa mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege na kuna mwendo wa kutembea. Mzee anayeumwa magoti aombewe msaada mlangoni, wahudumu walimsaidia Shangazi mkubwa kwa heshima kabisa. Tiketi za kurudi nunua siku moja na za kwenda, hasa za Jumapili jioni, maana ndio muda ambao kila mtu anataka kurudi Dar.

Kikundi chetu cha M-Koba hatujakifunga. Mama ameshatangaza kwamba zamu ijayo anataka watu walewale wapande Mgeta kwao, wakaone makaburi ya bibi zake na shamba alilokulia. Treni haifiki kule, na barabara ya mlimani tunaijua ilivyo. Mjomba ameahidi kuulizia magari yanayoimudu, na michango ya Januari imeshaanza kuingia.