Whitechapel kwa miguu usiku: nimelipa paundi 18, niwaambie ukweli

Haya, wale mnaokuja London mnaniuliza jioni twende wapi, nimeenda ile ziara ya miguu ya East End, ya Jack the Ripper, yule muuaji wa 1888 ambaye mpaka leo hajulikani ni nani. Paundi 18, masaa mawili na ushee, mnakutana nje ya stesheni. Jina la kampuni silitaji maana nina malalamiko na sitaki kesi, na hata hivyo ziko nyingi, zinafananafanana.

Naanza na kilichonikera. Tulikuwa kama watu 35, gaidi mmoja (tua gaidi jamani, sio wale wengine), hana spika, ukikaa nyuma unasikia mabasi tu. Kila tukisimama anatoa tabuleti anaonyesha picha za maiti, na kuna mtu alikuja na mtoto wa kama miaka tisa hivi, mtoto kaganda. Tumefika Mitre Square, palipotokea mauaji mojawapo, tukakuta makundi mengine mawili yanasubiri zamu utadhani foleni ya pantoni Kigamboni, kila gaidi anapandisha sauti amzidi mwenzake. Yaani wanawake watano wamekufa hawana kitu mfukoni na watu bado wanakula kupitia wao, na mimi nimo maana nimelipa.

Ila yule mama gaidi akishamaliza ya damu anageuka mtu mwingine kabisa. Tumesimama Thrawl Street akatuhadithia Mary Ann Nichols, usiku wa kuamkia 31 Agosti alitolewa kwenye gesti ya vitanda kwa kukosa peni nne. Peni nne! Akaondoka anacheka, kwamba atazipata tu, si mnaona kofia yangu mpya. Alfajiri akakutwa amekufa Buck's Row. Siku nane baadaye Annie Chapman, yaleyale, hana ya kitanda, katolewa nje usiku. Toka hapo kila gaidi akisema muuaji mimi masikio yangu yanasikia peni nne.

Na huu ndio mji uliokuwa na treni ya chini ya ardhi toka 1863, mji uliojengewa mabomba makubwa ya maji machafu baada ya mto kunuka 1858 mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni. Barabara pana tuliyokuwa tunatembea, Commercial Street, ilipitishwa katikati ya vibanda vya maskini, bomoabomoa ile tunayoijua sisi, mwenye nyumba analipwa mpangaji anabeba godoro lake anaenda kubanana mtaa wa pili. Halafu huo mtaa wa pili ukishajaa wanauita wa wahalifu. Gaidi akatugawia nakala ya ramani ya Charles Booth ya 1889, kila mtaa una rangi yake, njano ni wenye nazo, nyeusi ni tabaka la chini kabisa, na maelezo ya hiyo nyeusi yanawaita nusu wahalifu, mtaa mzima! Booth mwenyewe alikuwa tajiri wa meli na kazi alifanya kwa kweli, alikuta zaidi ya asilimia 30 ya watu wa London wako kwenye umaskini. Ramani yenyewe iko mtandaoni bure, hata kama ziara hamwendi itazameni.

Kilichonichekesha na kuniudhi kwa pamoja ni habari ya roba (wa Nairobi mnaita ngeta). Maskini walikuwa wanakabwa miaka yote, hakuna gazeti lenye habari nao. Julai 1862 akakabwa mbunge mmoja, Pilkington, kule kwa wakubwa Pall Mall, magazeti yakawaka mji mzima, mwaka uliofuata sheria ikapita ya kuwachapa viboko wakabaji. Mtoto wa mjini asiyejua hii hesabu nani?

Petticoat Lane tulipita haraka, soko limefungwa, ila zamani ndo palikuwa pa mitumba, na walikuwa na utani kwamba mwanamke anaibiwa gauni la ndani mwanzo wa mtaa anauziwa lilelile mwisho wa mtaa. Nikawaza site mira za Dar (vile vioo vya pembeni vya magari) nikacheka peke yangu, mzungu wa pembeni kanishangaa.

Kituo cha mwisho Arnold Circus, na hapa msiondoke mapema kama wenzetu walivyokimbilia baa. Palikuwa na uswahilini unaitwa Old Nichol, halmashauri ya jiji ikabomoa wote ikajenga fleti nzuri za matofali mekundu, zikafunguliwa 1900. Karibu watu 6,000 walihamishwa, na gaidi anasema wapangaji wa zamani waliopata kuingia kwenye zile fleti ni 11. Kodi ilikuwa kubwa mno kwao. Katikati kuna kilima kidogo chenye miti na kibanda cha bendi, ukipanda unaona kizuri, halafu anakwambia kilima chenyewe ni kifusi cha nyumba zao kimefunikwa udongo.

Nyota tatu. Ingekuwa nne wangeacha zile picha. Vaeni viatu vya kutembea, mtoto mwacheni nyumbani, na simameni mbele karibu na gaidi, sio nyuma kama mimi.