Chaja, waya wa mtandao na ule mvumo kwenye spika: uzoefu wangu na Raspberry Pi 4

Kila usiku watoto wakishalala nasikiliza taarab. Mwaka mzima sasa natumia Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo, nimeichomekea DAC ya USB (kifaa kinachogeuza data kuwa sauti), halafu amplifaya, halafu spika za mtumba nilizozipata Kariakoo. Mafaili ni FLAC, yaani muziki uliobanwa bila kupoteza ubora, mengine kutoka intaneti, mengine kwenye diski ya nyumbani.

Miezi ya mwanzo sikupata raha. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikianza peke yake, fidla hazijaingia, nyuma yake unasikika mvumo mzito, "mmmm", na kila baada ya muda "tak!", kama mtu kagonga meza kwa ukucha. Nikajua DAC ni mbovu. Haikuwa hivyo.

"Tak" ilitokana na chaja. Nilikuwa naiwasha Pi kwa chaja ya simu, na taa nyekundu ya Pi ilikuwa ikizimazima, dalili kwamba volti zimeshuka chini ya 4.63. Nikanunua adapta yake halisi, volti 5.1 na ampea 3. Taa ikatulia na mlio ukaisha siku hiyohiyo. Kama una Pi na unaiwasha kwa chaja uliyoiokota kabatini, anzia hapo.

Mvumo ukabaki. Nikategesha sikio kwenye spika huku nachomoa kifaa kimoja kimoja. Nilipochomoa waya wa mtandao, kimya. Nikaurudisha, mmmm. Ulikuwa ule waya wa bei, wenye wavu wa chuma ndani na vichwa vya bati. Wavu huo ulikuwa unaunganisha Pi na swichi ya mtandao (kisanduku cha kugawia nyaya), na swichi na kompyuta ya mezani yenye eathi kwenye soketi ya ukuta mwingine. Amplifaya nayo ina eathi yake, kwa hiyo mzunguko ukakamilika na umeme wa hezi 50 ukapata pa kupita. Nikaweka waya wa kawaida usio na wavu huo, vichwa vya plastiki. Sasa kabla ya udi kuanza namsikia mpigaji anavuta pumzi.

Fundi mmoja alikuwa ameniambia ning'oe pini ya eathi kwenye plagi ya amplifaya. Nawaomba, msifanye hivyo. Amplifaya ikivujisha umeme, pini hiyo ndiyo inayowaokoa watu wa nyumbani.

Je, waya wa mtandao wa ghali unanogesha muziki? Mke wangu alinibadilishia nyaya mbili zisizo na wavu, ya ghali na ya rahisi, mara 10 bila mimi kuona. Nikapatia 5. Data inakuja vipandevipande, kilichopotea kinaombwa tena, na muziki unasubiri kwenye kumbukumbu kabla ya kupigwa. Mtandao ukielemewa wimbo unakatika, lakini besi haipungui. Kabla ya waya nilitumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4, na maikrowevu ikiwashwa tu mwimbaji ananyamaza katikati ya ubeti.

Rafiki akaniazima adapta ya transfoma ya kuwashia Pi, nzito kama tofali. Nilikaa nayo wiki nzima, nikabadilisha huku na huku kwa nyimbo zilezile, sikusikia tofauti. Nikamrudishia. Hela niliyoitengea nikanunulia zulia nene la sebuleni, maana vigae vilikuwa vinarudisha mwangwi, na tofauti ya zulia niliisikia jioni ya kwanza.