Gari linapiga stata lakini haliwaki: vifaa vitatu vya kupimia Toyota za zamani

Kwenye gereji za Igogo, Mabatini au Nyakato jijini Mwanza si ajabu kukuta Corolla au Carina ya miaka ya 90 iliyovutwa kwa kamba: betri nzima, stata inazungusha vizuri, injini haiwaki. Mara nyingi hununuliwa pampu ya mafuta, isipowaka inafuata koili, kisha kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya mtumba, na mwenye gari analipia kila jaribio. Maduka ya spea yanauza vifaa vitatu vya kukata ubahatishaji huo: geji ya presha ya mafuta, testa ya moto wa plagi, na kidude cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu za injini, kwa simu. Viwili vya kwanza vinastahili fedha. Cha tatu, kwa magari haya, hapana.

Kabla ya kufungua boksi lolote, sikiliza stata. Injini nzima huzunguka kwa mdundo, kila silinda ikikaza kwa zamu yake. Ikizunguka kwa kasi na wepesi bila mdundo, shuku mkanda wa taimingi. Fungua kifuniko cha distributa (kigawa moto wa plagi), mwenzako apige stata, utazame rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake. Isipozunguka, mkanda umekatika na hakuna haja ya kupima kingine. Weka na mita kwenye betri wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya volti 9.6, tengeneza betri au athi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi na injini) kwanza, kwa sababu moto utakuwa dhaifu hata kama koili ni mpya.

Testa ya moto ndiyo ndogo na rahisi kuliko zote, nami naipa alama zote tano. Chagua ile yenye skrubu ya kurekebisha nafasi, siyo ya kitaa cha kioo kinachowaka tu. Wengi huchomoa plagi, wakaiegemeza kwenye injini, wakiona cheche wanaridhika. Kipimo hicho hudanganya: ndani ya silinda hewa imebanwa, na moto unahitaji volti nyingi zaidi kuruka nafasi ileile. Testa ukiifungua milimita 8 hadi 10 inailazimisha koili ionyeshe nguvu yake. Bana klipu kwenye chuma kisicho na rangi, piga stata. Moto wa bluu unaoruka kwa mfululizo unatosha. Wa njano, au unaokosa kosa, unaelekeza kwenye koili, rota, kifuniko chenye ufa au waya za plagi. Msimu wa mvua kausha kwanza kifuniko cha distributa kwa ndani, kwani unyevu peke yake unatosha kuua moto. Usizungushe stata huku waya wa koili unaning'inia bila pa kushukia. Umeme huo hutafuta njia yake na unaweza kuunguza ignaita, kifaa kinachowasha na kuzima umeme wa koili.

Sasa geji, ambayo ndiyo inayookoa fedha nyingi. Inakuja kwenye boksi la plastiki na uso wa psi 0 hadi 140, bomba la mpira, viungo vya shaba na boliti zenye tundu. Kwenye Corolla ya injini ya 4A au 5A, mahali pepesi pa kuifungia ni boliti ya banjo (boliti yenye tundu la kupitisha mafuta) juu ya filta ya mafuta. Toa waya hasi wa betri, zungushia kitambaa, legeza polepole maana mafuta yanaweza kuwa na presha hata gari likiwa limelala. Pete (washa) za boliti hiyo badilisha, moja kila upande, zikirudiwa huvuja. Pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu.

Ukishafunga, rudisha betri. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha +B na Fp kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata. Pampu itanguruma na geji isome psi 38 hadi 44. Hakikisha waya haugusi E1, kwani hapo unapiga shoti.

Namba ndizo zinazoamua. Ikisoma sifuri na pampu iko kimya, pima volti kwenye soketi ya pampu: zipo, pampu imekufa, hazipo, rudi kwenye fyuzi ya EFI, rilei na waya. Ikinguruma bila presha, tazama kama tangi lina mafuta kweli, kisha kipande cha mpira kinachounganisha pampu na bomba ndani ya tangi. Kikipasuka, mafuta yanarudi palepale. Ikisoma psi 20 na kitu, chujio la ndani ya tangi au filta imeziba, au regyuleta (kidhibiti cha presha) inaachia. Minya bomba la kurudisha mafuta taratibu: presha ikipanda haraka, pampu ina nguvu na regyuleta ndiyo mbovu.

Kipimo kinachorukwa na wengi ni cha baada ya kutoa ule waya. Geji inapaswa kubaki juu ya psi 21 kwa dakika tano. Ikianguka, valvu ya pampu, regyuleta au nozeli (kinyunyizio cha mafuta kwenye injini) inavuja. Nozeli inayovuja hulowesha plagi, na gari hukataa kuwaka hasa likiwa moto.

Kama presha ni nzuri kwa ule waya wa +B na Fp lakini hakuna kitu ukipiga stata, tatizo ni rilei ya pampu au waya wake. Na kuna dalili moja ya thamani sana: gari linashika wakati umeshikilia ufunguo kwenye stata, ukiachia linazima. Wakati wa stata rilei hiyo hushikwa na umeme wa waya wa stata kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Ukiachia, kontroli boksi ndiyo inayoishikilia, kwa kutegemea ishara ya mzunguko kutoka distributa. Hapo usiguse pampu kabisa.

Kasoro za geji zipo, ndiyo maana naipa nne. Kiungo cha kuchomeka haraka huvuja kikilegea, na petroli ikidondokea injini yenye moto si jambo la kupuuza. Mshale nao hutofautiana kati ya geji moja na nyingine. Jaribu yako kwa upepo wa kompresa ya fundi tairi kwenye psi 40, uone tofauti kabla ya kuiamini.

Kile kidude cha kusoma kodi, ELM327, kinauzwa kwa maneno mengi, lakini kinazungumza OBD2 tu, yaani lugha ya kompyuta za magari ya baadaye. Corolla ya 1993 haina lugha hiyo. Kodi zake unazisoma bure: unganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi kilekile, washa swichi, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Kodi 12 ni ishara ya mzunguko kukosekana wakati wa stata, 14 ni ishara ya ignaita. Alama moja, na hiyo ni kwa ajili ya magari ya baadaye.

Mafuta yenyewe yasisahaulike, hasa kwa gari lililokaa muda mrefu au linalojazwa kwa madumu huko visiwani. Toa nusu lita kutoka bomba la filta uweke kwenye chupa ya maji iliyo tupu na safi, uiache dakika chache. Maji yatatulia chini na mstari utauona.

Ukifika kwenye kompresheni, kumbuka Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya injini hizi hutaja kima cha chini cha psi 142 hivi, lakini hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12, kwa hiyo 125 hapa si lazima iwe injini iliyochoka. Angalia zaidi kama silinda zinalingana.

Wenye Hilux na Hiace za dizeli wasinunue chochote kati ya hivi. Kwao anza na solenoidi ya pampu: ukiwasha swichi isikike ikigonga na ipate volti 12, kisha toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikaze, halafu ndipo upime plagi za joto.