PluralKit: roboti inayomtaja aliye barazani

Ujumbe wa kwanza kupita kwenye roboti iitwayo PluralKit kwenda kwa dada yangu aliyeko Muscat, Oman, uliandikwa na Mdogo, mmoja wa tulio ndani ya mwili huu mmoja, saa tatu usiku, nao ulikuwa na maneno mawili: "Dada, umekula?" Juu yake palikuwa na jina la Mdogo na picha ya embe aliyoichagua mwenyewe. Dada alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Nimekula, mwanangu. Na wewe?" Miaka yote alikuwa akiniuliza mbona leo unaongea kitoto. Usiku ule alimjibu Mdogo kama Mdogo. Huduma hii nimeitumia mwaka mmoja na miezi miwili, na nimeona niieleze kwa Kiswahili, kwa sababu maelezo yote niliyoyapata ni ya Kiingereza, na hapa pwani wapo wanaoihitaji ambao hawana hata neno la kuitafutia.

Kwanza sisi ni nani. Mwili ni mmoja, wa mshona nguo wa Kibokoni, Mombasa. Ndani tuko watano. Mimi ndiye ninayepokea wateja na kulipa kodi ya chumba. Yuko Mdogo, ambaye hakukua. Yuko Bi Mkubwa, hatishwi na mtu. Yuko Katibu, anayekumbuka vipimo na madeni. Na yuko mmoja aliyekataa jina, tukamwita Kimya kwa ridhaa yake. Madaktari wana jina la hali hii, na jina lenyewe limebadilika. Marekani waliiita ugonjwa wa haiba nyingi mpaka mwaka 1994, wakaacha, wakaanza kusema utambulisho uliotengana. Mabadiliko hayo yana maana kwangu. Jina la zamani linasikika kana kwamba mtu amezidishiwa haiba. La sasa linakiri kwamba kuna nafsi ambayo haikupata nafasi ya kushikamana, mara nyingi kwa sababu ya mateso ya utotoni. Ya utoto wetu siyaandiki hapa.

PluralKit ni roboti ya bure inayofanya kazi ndani ya Discord, programu ya mazungumzo ya mtandaoni. Unafungua seva yako, yaani ukumbi wako wa mazungumzo humo (yetu ni ya akaunti mbili tu, yangu na ya dada), unaikaribisha, kisha unamsajili kila mmoja wa ndani: jina, picha, rangi, maelezo mafupi. Halafu kila mmoja anapewa alama yake. Alama ya Mdogo ni herufi m na nukta mbili. Akiandika "m: nimechoka", roboti inaufuta ujumbe uliotoka kwenye akaunti yangu na papo hapo inaurudisha ukiwa na jina lake na embe lake. Ukichoka kuandika alama kila mara, unaweza kuiagiza iendelee na yule aliyesema mwisho mpaka mwingine aingie. Sisi tumeiacha hivyo muda mwingi.

Ni hilo tu, na ni kubwa. Kabla yake kila ujumbe ulikuwa na jina langu, hata niliousoma asubuhi nikiwa sikumbuki kuuandika. Nilikuwa nikiomba radhi kwa maneno ambayo sikuyasema.

Tatizo lilikuwa msamiati. Ukiingia katika jamii za watu kama sisi mtandaoni utakutana na sistimu, alta, hosti, kufronti, kuswichi. Mwanzoni niliyameza yote kama yalivyo, na Mdogo hakuelewa hata moja. Ikawa tunazungumza juu yake kwa lugha asiyoijua, kama wakubwa wanaomficha mtoto jambo. Basi tukakaa, tukayahamishia nyumbani moja moja.

Kufronti ni kuwa na usukani wa mwili, kuwa ndiye anayeonekana na watu. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina baraza, na mgeni hupokelewa hapo na yeyote aliyeketi. Sisi tukasema: nani yuko barazani? Wakiwa wawili kwa pamoja, wawili barazani. Na kuna yule ambaye hajashika usukani lakini anasikia na kuona kila kitu. Huyo tunasema yuko dirishani. Kuswichi ni kupokezana zamu. Hosti, yaani anayekaa barazani siku nyingi zaidi, ni mwenyeji, na neno hili lilinikaa vizuri kwa sababu mwenyeji si mwenye nyumba. Nyumba ni yetu sote. Mlango wa ndani unalindwa na Katibu. Waingereza wanamwita mlinda lango, sisi twasema mwenye funguo. Sistimu nzima, yaani sote wa mwili mmoja, ni nyumba. "Mfumo" tulilikataa, limekaa kiserikali mno. Alta, yaani kila mmoja wa ndani, pia hatulitumii, maana ndani yake mna habari ya kuwa "yule mwingine", na hakuna kati yetu anayetaka kuwa mwingine wa mtu. Roboti yenyewe inawaita wanachama, nayo ni afadhali. Na mtu asiye na wenzake ndani yake, mtandaoni huitwa singleti. Kwa mshona nguo singleti ni fulana, kwa hiyo dada tunamwita mtu wa mmoja, na amelipenda.

Neno lililotutesa kweli ni lile linalotumiwa kwa yule wa ndani anayewaumiza wenzake. Ukilitafsiri unapata mtesi. Nilimsajili Kimya hivyo, kwenye maelezo yake, wiki ya kwanza. Alikuwa akinitukana kila nilipotaka kumweleza mtu jambo lolote la zamani, na akinifunga koo mbele ya daktari. Anayenitibu aliniuliza swali moja: mlipokuwa wadogo, kusema kulileta nini? Kulileta kipigo. Kimya alikuwa angali akitukinga na kipigo kile, kwa njia ile ile, miaka ishirini baada ya hatari kupita. Nilirudi nyumbani nikalifuta lile neno, nikaandika "mlinzi". Ilichukua miezi kadhaa. Siku moja ukatokea ujumbe wenye alama yake, na ndani yake nukta moja tu. Dada akajibu, "Karibu, tuko hapa."

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha ya roboti. Kwenye usajili kuna sehemu ya kuandika viwakilishi, kwa kuwa viwakilishi vya kawaida vya Kiingereza humtenga wa kiume na wa kike. Sehemu hiyo tumeiacha tupu kwa wote watano. "Yeye" anatosha. Kimya hajatuambia ni mwanamume au mwanamke, na katika lugha hii hajawahi kulazimika.

Najua wasomaji wengi wa huku watauliza: hawa si pepo? Nilipokuwa msichana jibu lilikuwa ndiyo, nikapelekwa kupungwa. Sina dharau kwa wanaoamini hivyo, na wale walionipeleka walinipenda. Lakini anayepandwa na pepo huitwa kiti: mgeni amekuja toka nje akakikalia, ana kabila lake, ana anachodai, ubani au nguo au chano, na akiridhishwa anatulia au anaondoka. Wetu hawakuja toka nje. Walizaliwa humu, nami. Hata madaktari wameligusa jambo hili. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, DSM-5, unataja kwamba katika baadhi ya tamaduni hali yetu huelezwa kama kupagawa, na unakataa kuiita ugonjwa desturi ya ibada inayokubalika na jamii yake. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, imeyatenga kabisa: utambulisho uliotengana una namba yake, kupagawa kuna nyingine. Laiti mtu angemwambia mama hayo wakati ule.

Nirudi kwenye huduma. Kila zamu inapobadilika unaweza kuiandikisha kwa amri fupi, pk;switch na jina la anayeingia, nayo inaweka kumbukumbu ya nani alikaa barazani lini na kwa muda gani. Weka saa za Afrika Mashariki mapema, la sivyo utasoma nyakati zisizo zako. Kumbukumbu hiyo ilituonyesha jambo ambalo hatukulijua: Bi Mkubwa hushika zamu kila tarehe za mwisho wa mwezi. Ndizo siku za mwenye nyumba kugonga mlango akidai kodi. Niliipeleka kwa anayenitibu, ikawa mazungumzo ya saa nzima, na sasa kodi naituma mapema kwa simu. Ila nawaonya. Miezi miwili ya mwanzo niliandikisha kila dakika, nikawa najipima kama mgonjwa anayejipima joto kila saa, na nikikosa kujua nani yuko barazani moyo unanienda mbio. Siku hizi tunaandika zamu kubwa tu, na siku nyingine hatuandiki.

Kasoro zipo. Kubwa kuliko zote kwetu: haifanyi kazi kwenye mazungumzo ya faragha ya watu wawili. Lazima mkutane kwenye seva, hata kama mko wawili tu. Dada hakuelewa kwa nini, na kumfungulia seva mtu wa makamo kwa simu toka Mombasa hadi Muscat kulituchukua jioni nzima. Ujumbe ukishapita kwa roboti si wako tena machoni pa Discord, kwa hiyo kuurekebisha kunahitaji amri nyingine, na ukimjibu mtu, jibu halishikamani na ujumbe wake kama kawaida bali hubandikwa kama kipande cha nukuu. Kila jina linafuatwa na kibandiko cha kuonyesha kwamba ni programu iliyotuma. Mdogo aliuliza kama maana yake yeye si mtu. Nilimweleza kuwa ni alama ya posta, haimhusu mwenye barua. Na amri zote ni za Kiingereza, zenye nukta-mkato ambayo kwenye simu yangu iko ukurasa wa pili wa herufi.

Faragha isomwe kabla ya kitu kingine chochote. Usipobadilisha mipangilio, yaliyosajiliwa yako wazi: mwenye kuijua akaunti yako anaweza kuuliza roboti na kuonyeshwa wanachama wako. Kwa mji mdogo kama wetu, ambako wateja wangu ni majirani na majirani ni jamaa, hilo ni hatari. Tulifunga kila kitu, wanachama, maelezo, kumbukumbu za zamu, kabla hatujamwalika hata dada. Msiweke majina ya kweli ya watu waliowaumiza kwenye maelezo ya mtu yeyote wa ndani.

Roboti haikuulizi cheti cha daktari. Wapo wanaoilaumu kwa hilo, kwamba inafungua mlango kwa kila anayejidhania. Mimi nimeishi miaka nikitibiwa maradhi yasiyo yangu, na kama kitu cha kwanza kunisikiliza kingenidai karatasi, nisingepita. Lakini haitibu, na haijadai kutibu. Kama mna mapengo ya kumbukumbu au mmoja wa ndani anataka kuuumiza mwili, mtafuteni mtaalamu, na roboti iwe ya kuongea na dada.

Kwa kazi yake naipa nyota nne kati ya tano. Kila mwezi tunaiamuru itupe nakala ya yote tuliyosajili, inatuma faili, Katibu anaihifadhi. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya lugha. Maneno tunayo tayari, na Katibu ameanza kuziandika amri kwa Kiswahili, kuanzia na ile ya zamu.