Mizani ya jikoni ya shilingi 25,000: miezi saba ya unga, bangili na swali la pishi

Mizani hii nimeinunua Ngamiani, hapa Tanga, kwa shilingi 25,000. Ni ile bapa ya plastiki nyeupe, yenye sahani ya duara juu na kioo kidogo cha namba mbele. Inabeba hadi kilo 5 na inahesabu gramu moja moja. Boksi lake halina jina la kujulikana, na za namna hii zimejaa kila duka la vyombo, kwa hiyo ninayoyasema yatamfaa pia aliyenunua ya rangi nyingine.

Mimi naoka. Keki za harusi na za akika, boflo za asubuhi kwa majirani, na Ramadhani mikate ya kumimina. Miaka 14 nimepimia kikombe cha bati chenye mkono uliopinda, na siku zote nilijua kuna keki zinazokubali na keki zinazokataa. Nilisingizia jiko, mayai, hata mvua. Siku ya kwanza mizani ilipofika nyumbani, kabla ya kuoka chochote, nilichota unga mara tatu kwa kikombe kile kile, kutoka mfuko ule ule. Mara ya kwanza nilizamisha kikombe mfukoni kama kawaida yangu: gramu 151. Mara ya pili nikachekecha kwanza, nikajaza kwa kijiko taratibu: 122. Mara ya tatu nikakigonga mezani na kuongeza hadi ukingoni: 160. Keki yangu kubwa inakula vikombe sita. Kati ya kikombe chepesi na kilichogongwa, hiyo ni tofauti ya gramu 228 kwenye bakuli moja! Nilikaa kitini. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu "vikombe sita" nikiamini nimewapa kipimo.

Kikombe kinapima nafasi, mizani inapima uzito. Nikakumbuka kibaba cha marehemu mama, kile cha bati alichopimia mchele, bado ninacho kabatini. Nikakijaza mchele, nikafuta juu kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya: gramu 684. Nikakijaza unga uliochekechwa: 402. Chombo ni kimoja, kimejaa vilevile, na uzito umepungua zaidi ya theluthi.

Hapa ndipo nilipoelewa ule mjadala unaorudi kila mwisho wa Ramadhani, wa fitri, ile zaka ya chakula inayotolewa kwa maskini. Kipimo chake tangu asili ni pishi, yaani vibaba vinne, na kila mwaka watu wanauliza pishi ni kilo ngapi, huyu anasema mbili na nusu, yule anasema karibu tatu. Kwa kibaba cha mama, pishi ya mchele inafika kilo 2 na gramu 736. Pishi ya unga haifiki hata kilo 2. Pishi haijawahi kuwa kilo. Ni ujazo, na kila nafaka inaujaza kwa uzito wake. Hukumu nawaachia masheikh, ila mwaka huu nilipima fitri ya nyumba yetu kwa kibaba chenyewe, nikaacha kuulizauliza kilo.

Sasa, je, namba za mizani yenyewe ni za kweli? Nilimwomba muuza duka la jirani aniazime mawe yake ya mizani, yale yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Jiwe la nusu kilo likasoma 499. La kilo moja, 998. La kilo mbili, 1,996. Nilirudia kwa siku tatu, namba zikawa zile zile, na hilo la kurudia ndilo lililonipendeza kuliko yote. Mizani inayokosea gramu mbili kwa kilo, upande uleule kila siku, naiweza. Ingekuwa leo inazidisha na kesho inapunguza, ningeirudisha dukani.

Inawezekana hata kosa lenyewe si lote la kiwanda. Mizani ya aina hii inahisi jinsi dunia inavyokivuta kitu, na mvuto huo si sawa kila mahali. Karibu na ikweta ni mdogo kidogo kuliko kaskazini ya mbali. Mizani ya namna hii ikirekebishwa Paris isome 1,000 sawasawa, ukiileta Tanga jiwe lile lile litasoma kama 997. Jiwe halijapungua hata chembe. Ndiyo maana muhuri unagongwa kwa mizani iliyopimwa hapa hapa inapotumika, kwa jiwe lililolinganishwa na jiwe jingine lenye usahihi zaidi, na hilo na jingine tena. Zamani mlolongo huo uliishia kwenye kipande kimoja cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris, tangu 1889: hicho ndicho kilikuwa kilo ya dunia nzima. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande chochote cha chuma, inatokana na namba ya maumbile isiyobadilika, namba ya Planck. Nililisoma hilo nikafurahi kweli, maana kitu kinaweza kuchubuka au kuibiwa.

Nirudi kwenye kasoro, ambazo zipo.

Kubwa kuliko zote ni kitufe cha kubadilisha vipimo. Ukibonyeza inaleta "ml", na mtu anaamini mizani inapima mililita. Haipimi. Inachukua uzito na kuuita maji, basi. Kwa maji ni sawa. Kwa mafuta ya kupikia, ambayo ni mepesi kuliko maji, ukitaka mililita 250 ukamimina hadi isome 250, umeshatia kama 272. Asali ni kinyume chake, utapunja sana. Keki mbili za mafuta zilinitoka zimelowa kabla sijagundua. Siku hizi sikigusi kitufe hicho, na vimiminika vyote nimeviandika upya kwa gramu.

Ya pili ni hamira. Ukiweka bakuli, ukarudisha namba kuwa sifuri, kisha ukanyunyiza hamira kidogo kidogo, mizani inaimeza: unanyunyiza, unanyunyiza, bado sifuri. Inajisawazisha yenyewe, ikidhani ni vumbi au mtetemo. Nilichozoea ni kutorudisha sifuri. Naacha bakuli lisome uzito wake, tuseme 312, ndipo namimina hadi 319. Hata hivyo kwa gramu 7 kosa la gramu moja ni kubwa, na kwa iliki ya kusaga au zafarani sahau kabisa. Hapo narudi kwenye kijiko cha chai bila aibu.

Pia inajizima baada ya dakika mbili ukichelewa kuongeza kitu, na ikiwaka tena imesahau sifuri yako. Na usiiweke chini ya pangaboi, namba zinacheza.

Hilo la upepo lilinifikisha kwa sonara. Nilikuwa na bangili ya mama, ambayo siku zote aliiita "ya tola moja". Mizani yangu ilisema 12. Nikaibeba bangili pamoja na mizani hadi kwa mzee mmoja sonara wa mjini, nikamsalimu shikamoo, nikamweleza. Aliitazama mizani yangu kwa heshima, akasema, "Marahaba mwanangu. Hii ni ya unga, na kwa unga haina neno." Yake iko ndani ya kisanduku cha vioo ili hewa isiiguse, na inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ikasema 11.58. Tola ni kama gramu 11.66, kwa hiyo mama hakukosea: kilichopungua kimelika mkononi mwake kwa miaka ya kuvaa. Lakini ile tofauti ya karibu nusu gramu kati ya mizani yangu na yake, kwa bei ya dhahabu ya sasa, inazidi bei ya mizani yangu mara kadhaa. Jikoni nusu gramu naipuliza mezani. Kisha akaniambia uzito kwake ni nusu ya habari, bado kuna karati: bangili ni ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ndizo dhahabu. Na wa vito, wale wa tanzanaiti, nao wana karati, ila kwao karati ni uzito, gramu 0.2. Neno ni hilo hilo, na kila mmoja anapimia kitu chake.

Wifi yangu ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Kuna jirani aliniuliza kama anaweza kumpimia mwanawe mchanga kwenye mizani yangu, ndani ya beseni. Wifi alikataa katakata. Mtoto hatulii, namba haikai, na kilo 5 pamoja na beseni zinaisha haraka. Halafu kwa mtoto mchanga kuna mstari wa gramu 2,500: akizaliwa chini ya hapo anahesabiwa ana uzito pungufu na anafuatiliwa kwa namna yake. Tena, akasema, uzito wa siku moja haumwambii mengi. Anachosoma yeye ni mchoro kwenye kadi, kama unapanda mwezi hadi mwezi, umelala, au unashuka. Alinikataza vilevile kupimia dawa. Ya maji ina bomba lake la mililita, litumike hilo.

Mimi natafuta uwiano: unga ukiwa 1,000, maji 600, na mizani ikikosea gramu mbili kila mahali mkate haujui. Sonara anatafuta bei, wifi anatafuta mwelekeo. Kwa hiyo mtu akiniuliza "ni nzuri?" naanza kwa kumuuliza anapima nini.

Kwa kuoka, inunue. Keki zangu za miezi hii saba zimefanana, na wateja wamesema. Kwa kuuza vitu kwa kilo usiitumie: mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kugongwa muhuri kila mwaka, na mnunuzi ana haki ya kuuona. Wakulima wamepunjwa vya kutosha na magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita kipimo, tusiwaongezee. Kwa dhahabu, dawa na watoto wachanga, hapana.

Dukani omba waiwashe, weka chupa ya maji ambayo haijafunguliwa, isome, iondoe, iweke tena mara tano, pembeni na katikati ya sahani. Namba zikibadilika zaidi ya gramu moja, chukua nyingine. Mimi ya kwanza niliyopewa niliiacha, hii ni ya pili kutoka rafuni. Betri nilizotia Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, bado hazijaisha.